Siku Saba za Mwalimu Bahizire

Mwalimu Hyacinthe Bahizire alifunga kundi kwa siku saba. Aliandika hivyo mwenyewe, asubuhi ya Jumatatu kabla ya kuingia kazini: kwamba kwa muda wa siku saba hakuna mwanachama atakayeweza kuandika wala kutuma sauti katika kundi la WhatsApp la Umoja wa familia za Kivu na Burundi hapa Buffalo, Marekani, isipokuwa yeye mwenyekiti, ili watu wapoe. Siku hizo saba zilidumu miaka mitatu na miezi miwili.

Nataka kusimulia jinsi mtu mwema alivyofika hapo na jinsi alivyotoka. Mbaya anaponyakua madaraka hakuna anayeshangaa, na somo lake ni fupi. Mwema ndiye anayehitaji kuchunguzwa, kwa kuwa yeye tunampa wenyewe, kwa mikono miwili, tukishukuru.

Alizaliwa Walungu, Kivu Kusini. Alisoma seminari ndogo ya mapadri, ambako wavulana walifundishwa Kilatini kwa nyimbo na kwa fimbo. Upadri haukumwita, lakini Kilatini kilibaki, na pamoja nacho mapenzi makubwa kwa Warumi wa kale. Akawa mwalimu wa historia Bukavu hadi vita vilipoyamaliza madawati yake, mwanafunzi mmoja mmoja. Alivuka ziwa, akakaa kambini Kigoma miaka kumi na mmoja, akifundisha chini ya turubai watoto waliokalia mawe. Huko alimwoa Leya, na huko akazaliwa binti yao Séphora.

Mwaka 2014 waliletwa Marekani, mji wa Louisville. Mwalimu alipewa kazi katika ghala la vifurushi, akipanga maboksi kwenye mkanda unaotembea, na msimamizi wake, aliyeshindwa kulitamka jina Hyacinthe, alimwita kwa herufi ya kwanza tu. Hakulalamika. Alisema mtu aliyekaa kambini miaka kumi na mmoja hana haja ya kujitafutia cheo ghalani. Baada ya miaka mitatu walimfuata kaka yake Leya hadi Columbus, wakapanga huko Northland, nyuma ya maduka ya Morse Road yanayouza sombe, majani yetu ya muhogo, na samaki wakavu. Maisha yakawa mepesi kidogo. Lakini ni Columbus alikofanya jambo lililomfuata kila alikokwenda.

Umoja wa huko ulikuwa na mwenyekiti aitwaye Bagula, aliyekataa kuitisha uchaguzi muda wake ulipokwisha. Watu wakagawanyika. Kukawa na Umoja wa Bagula na Umoja mpya, sherehe mbili siku moja, kwaya mbili, na wake waliokuwa wakisukana nywele wakaacha kusalimiana dukani. Bahizire alikuwa upande wa Umoja mpya, na alikuwa na haki, maana katiba ilikuwa wazi. Kisha akafa mzee Dionizi, mtu wa upande wa Bagula, jirani yake wa mlango wa tatu, aliyewahi kumpa kitanda walipofika hawana kitu. Bahizire hakwenda kuzika. Alibaki dirishani akiangalia magari yakiondoka. Baadaye alisimuliwa kwamba makaburini walitokea wanaume wanne tu wa kubeba, na wafanyakazi wawili wa nyumba ya mazishi, Wamarekani wasiomjua marehemu, wakashika pande zilizobaki.

Mtu anaweza kuwa na haki katika ugomvi na bado akatenda uovu. Bahizire alilijua hilo kuanzia siku ile. Alipohamia Buffalo mwaka 2020, akapata nyumba Lower West Side na kazi katika kiwanda cha vipuri vya plastiki huko Tonawanda, alikuja na nadhiri moja: watu wake wasigawanyike tena mpaka wakashindwa kuzikana.

Ndiyo maana walimchagua. Familia zetu hapa hazizidi sitini, nusu za Kivu, nusu za Warundi waliokulia makambini Tanzania, na kila upande ulimwamini. Katiba ilimpa miaka miwili.

Miezi michache baadaye kwaya mbili, ya Kivu na ya Warundi, zilibishana nani aimbe kwanza katika ibada ya shukrani. Jambo dogo, la kuamuliwa kwa kikombe cha chai. Lakini lilianzia kwenye simu, na kwenye simu mtu hamwoni mwenzake usoni. Mama Nshombo, mwanamke wa Kivu mwenye ulimi mkali na moyo mzuri, alituma sauti ya dakika tisa akianza na kwaya na kumalizia na babu za watu. Akajibiwa. Kufikia Jumapili jioni mtu mmoja alikuwa ameandika jina la kijiji fulani cha nyumbani ambako watu waliuawa, jina tu, bila neno jingine, na kila aliyelisoma alielewa ni upande gani unaolaumiwa. Asubuhi iliyofuata Mwalimu akafunga kundi.

Kimya kilichofuata kilikuwa kitamu. Watu walimpigia simu kumshukuru. Siku ya saba Mama Nshombo mwenyewe alimwomba aongeze wiki, akikiri kwamba yeye hajiamini. Akaongeza wiki. Kisha mwezi. Kisha hakuna aliyeuliza tena. Habari zote zikawa zinapita kwake: mwenye mtoto mchanga alimpigia yeye, naye akatangaza, mwenye kutafuta mtu wa kumpeleka hospitali alimpigia yeye, naye akapanga. Binti mmoja, Spés, alipojua kifo cha mama yake kwa ujumbe wa jirani akiwa kazini, kabla ndugu hawajamweleza, Mwalimu aliweka sheria nyingine: msiba hautangazwi na mtu yeyote kabla ya mwenyekiti. Sheria nzuri, yenye huruma. Miaka yake miwili ilipokwisha, wanakamati walisema uchaguzi ni kuamsha nyoka aliyelala. Naye alikubali, akiwa amechoka, akiamini kwamba anawatumikia. Na kweli alikuwa anatumikia. Tangu nimfahamu sijamwona mtu akifanya kazi bila kujihurumia kama yeye.

Sasa, Séphora alikuwa ameingia chuo, na muhula huo alichukua somo la historia ya Roma. Alianza kumuuliza baba yake maswali mezani, na baba yake alichangamka kuliko alivyochangamka tangu Bukavu. Leya alisikiliza wiki mbili za majenerali wakati wa chakula, kisha akamwambia mumewe awapelekee Warumi wake watu wa kanisani, maana sahani zake zinapoa. Hivyo likaanza darasa la Jumapili, baada ya ibada, chini katika ukumbi wa kanisa. Walikuja watu kumi na watano, kisha thelathini. Watu wanaofunga maboksi wiki nzima wana njaa ya hadithi ndefu.

Aliwaambia kwamba Warumi walimchukia mfalme kuliko ndui. Walipowafukuza wafalme wao, walijiwekea wakuu wawili kwa pamoja, kila mmoja akiweza kumzuia mwenzake, na wote wawili waondoke baada ya mwaka. Ikija hatari kubwa, waliruhusu mtu mmoja ashike mamlaka yote, lakini kwa miezi sita tu. Walimpenda mkulima mmoja wa zamani, Sinsinato, anayesimuliwa kwamba aliitwa kutoka shambani, akaokoa jeshi lililozingirwa, akarudisha mamlaka siku ya kumi na sita na kurudi kwenye jembe lake.

Kisha wakatokea majenerali wawili, Mario na Sula, kila mmoja akitaka yeye ndiye aongoze vita vya mashariki. Sula aliponyang'anywa uongozi aliwageuza askari wake kuelekea mji wake mwenyewe, jambo ambalo halikuwa limefanywa na Mrumi yeyote. Inasemwa maofisa wake walimwacha wote isipokuwa mmoja. Askari wa kawaida ndio waliomfuata. Alipoondoka, upande wa Mario ukarudi na kuchinja. Mario akafa, Sula akarudi, naye akachukua ile mamlaka ya mtu mmoja bila kuhesabiwa miezi. Akabandika orodha sokoni. Aliyeandikwa jina lake aliweza kuuawa na yeyote, na aliyemficha aliuawa pia.

Hapo mzee Gaspari aliinua mkono. Gaspari ni Mrundi, makamu wa mwenyekiti, mtu wa kuendesha forklifti, mashine ya kunyanyulia mizigo, na wa maneno machache. Aliuliza kama walioandikwa waliambiwa kosa lao. Mwalimu akajibu kwamba hapana, wengi walijikuta tu wameandikwa. Gaspari akatikisa kichwa, akashusha mkono. Watu wa chumba kile hawakuhitaji kuelezwa orodha ni nini.

Jumapili iliyofuata ilikuwa zamu ya Kaisari na Pompeyo. Pompeyo alikuwa mkwe wa Kaisari, na binti aliyewaunganisha alipofariki, kilichobaki kati yao kikawa wivu. Kaisari akavuka na jeshi lake mto mdogo ambao sheria ilikataza jeshi kuuvuka, vita vikaenea bahari nzima, Pompeyo akauawa ufukweni Misri na watu aliowakimbilia. Mwalimu aliandika ubaoni jinsi Kaisari alivyopewa ile mamlaka ya hatari. Mara ya kwanza, siku kumi na moja. Mara ya pili, mwaka. Kisha miaka kumi. Kisha maisha. Aliandika namba hizo moja chini ya nyingine, akazigonga kwa chaki, akasema kila mara kulikuwa na sababu nzuri. Wazee wa baraza waliomuua kwa visu walidhani jamhuri ya zamani itasimama yenyewe kama mtu aliyeondolewa mzigo. Haikusimama. Watu walikuwa wamesahau jinsi ya kutembea.

Na Jumapili ya tatu, Oktaviano, mrithi wa Kaisari. Naye alikuwa na orodha zake ujanani, naye aliwamaliza wapinzani mmoja baada ya mwingine hadi akabaki peke yake. Ndipo akafanya jambo la werevu kuliko yote. Aliingia katika baraza, akasema anarudisha kila kitu kwa baraza na watu. Yeye amechoka, waachie apumzike. Wazee wa baraza wakalia, wakamsihi asiwaache. Akakubali kwa shingo upande kubeba sehemu ya mzigo kwa miaka kumi. Kumi ikaongezwa, ikaongezwa tena, hadi akafa mzee, zaidi ya miaka arobaini baadaye. Hakujiita mfalme hata siku moja. Alijiita raia wa kwanza. Jina walilompa ni Augusto, ambalo hawa wasikilizaji wanalisikia kanisani kila Krismasi.

Mama Nshombo aliuliza kama wakati wa Augusto watu waliuana. Mwalimu alikiri kwamba hapana, ndani ya nchi kulikuwa na amani ya kweli, mashamba yakalimwa, njia zikapitika.

"Bon," alisema Mama Nshombo, "basi batu bamuache mzee wa watu."

Ukumbi ukacheka, na Mwalimu akacheka nao.

Jioni ile nyumbani Séphora alikuwa mezani na kazi yake ya chuo. Alimuuliza baba yake kwa Kiingereza, kama watoto wetu wanavyofanya, ni mwezi gani hasa Warumi walitambua kwamba ile miezi sita haitarudi tena. Mwalimu akasema hapakuwa na mwezi kama huo. Watu walizoea. Binti akaandika, kisha, bila kuinua macho, akasema kwa Kiswahili ili mama yake asikie:

"Kama zile siku zako saba, Papa."

Mwalimu alimwambia achunge adabu. Akasema yeye hajaua mtu, hana jeshi, hana kitu anachokula cha Umoja, anafanya kazi ya watu baada ya saa kumi na mbili za kusimama kiwandani. Yote yalikuwa kweli. Leya alikuwa anasonga ugali, hakugeuka.

"Umuache," alisema. "Mutoto ameuliza. Donc, umujibu."

Mwalimu aliinuka akaenda kunawa mikono. Nami nadhani mtu anayeijua historia vizuri yuko katika hatari kubwa kuliko asiyeijua, kwa sababu kila akisoma habari za madhalimu anajitafuta kati ya wale waliowapinga.

Nestori alifariki Jumamosi ya pili ya Novemba, saa mbili na nusu asubuhi. Alikuwa Mrundi wa miaka hamsini na tisa, fundi wa kushona, mtu aliyepunguza suruali za nusu ya Umoja. Moyo ulisimama akiwa jikoni. Gari la wagonjwa lilifika, likaondoka taratibu. Mkewe, Dafroza, alimpigia Gaspari, na Gaspari na mkewe wakaja mara moja.

Dafroza alijua kinachofuata. Kwetu nyumba ya msiba haifungwi mlango. Makochi yanatolewa, mikeka na magodoro yanatandikwa, wanawake wanakaa chini na mfiwa, wanaume wanasimama ukumbini na nje, na ndani ya saa moja huna pa kukanyaga. Hapo hakuna mwaliko. Aliyesikia anakuja na nguo aliyovaa. Basi wakasukuma makochi ukutani, wakatandika, wakafungua mlango, na baridi ya ziwa la hapa Buffalo ikaanza kuingia.

Mwalimu alikuwa kazini tangu saa kumi na mbili asubuhi. Katika kiwanda kile simu huachwa kwenye makabati, na Jumamosi ile walifanya kazi ya ziada bila kutoka hata kula. Gaspari alimpigia mara kumi na nne. Alikuwa makamu, lakini hakuwa na uwezo wa kuandika neno katika kundi. Akaanza kuwapigia watu mmoja mmoja. Wa kwanza alisema pole sana, kisha akauliza: Mwalimu ametangaza? Wa pili aliuliza hivyo hivyo. Wa tatu, Bonheur, kijana wa kwaya, alikuwa tayari ameshavaa viatu, akaangalia simu yake, hakuona tangazo, akavua viatu. Hakutaka kuvunja sheria wala kuingia nyumba ya watu kwa habari isiyothibitishwa. Spés naye alikumbuka alivyopata habari za mama yake, akaogopa kumfanyia mwingine hivyo. Kila mmoja alikaa kwake akiangalia simu, akisubiri. Gaspari alipiga simu kumi na sita, akapata majibu kumi na sita ya huruma, na hakuna aliyekuja.

Hawakuwa watu wabaya. Walikuwa watu waliozoeshwa kusubiri. Miaka mitatu ilitosha.

Saa kumi na mbili jioni Mwalimu alifungua kabati, akaona simu, akaendesha gari moja kwa moja bila kubadili nguo. Alikuta mlango wazi na chumba kimetandikwa ukuta hadi ukuta, mikeka sita, magodoro matatu. Katikati alikuwa amekaa Dafroza amevaa koti, na kando yake mke wa Gaspari. Gaspari alisimama dirishani. Hapakuwa na mtu mwingine.

Dafroza alimtazama. Hakulia. Alikuwa na swali, na alikuwa amelibeba saa tisa.

"Mwalimu, tumewakosea nini?"

Hakuelewa mara moja. Kisha akaelewa kwamba mama huyu amekaa mchana kutwa akiamini kwamba watu wa Kivu wamekubaliana kutomzika mume wake. Kwamba wamekumbuka kwaya, na lile jina la kijiji. Na kwamba hata Warundi wenzake wamemwacha kwa kuogopa. Alipiga magoti kwenye mkeka akasema kosa ni lake. Akaandika tangazo hapo hapo. Kabla ya dakika arobaini nyumba ilijaa, na Mama Nshombo alikuwa wa kwanza kuingia, akilia kwa sauti kutoka barabarani. Nestori alizikwa vizuri. Lakini zile saa tisa hakuna aliyeweza kuzirudisha, na katika baadhi ya nyumba za Warundi maneno ya chini chini yaliendelea.

Wiki mbili baadaye Mwalimu aliitisha mkutano katika ukumbi ule ule. Alisimama, akaeleza yaliyotokea bila kujipamba, akasema anajiuzulu.

Hapakuwa na mtu aliyekubali. Mmoja alisema lilikuwa kosa la kiwanda. Mwingine akashauri Mwalimu aombe ruhusa ya kushika simu kazini. Mwingine akapendekeza makamu wa pili, atakayekaa nyumbani. Mama Nshombo alisimama na kitambaa chake begani.

"Mwalimu, weye unatuacha kwa nani? Unatujua. Ukifungua ile kundi, mimi wa kwanza nitawatukana, na Mungu anajua."

Wakacheka, wengine wakifuta macho. Bonheur akapanda kwenye kiti. Alisema hakuna haja ya uchaguzi. Anayemtaka Mwalimu aendelee, bila kuhesabu miaka, asimame. Ukumbi ukasimama. Wakaanza kupiga makofi, kisha mtu akaanzisha wimbo.

Wakati ule, Mwalimu alinieleza baadaye, alisikia utamu uliomshinda nguvu. Alikuwa mtu aliyeitwa kwa herufi moja Louisville, na sasa watu mia walikuwa wanamwimbia. Alijiambia kwamba ametimiza wajibu, amejiuzulu kweli, wao ndio wamekataa. Basi afanye nini? Alikuwa ameshafungua mdomo kukubali, kwa mwaka mmoja tu.

Waliobaki wamekaa walikuwa wawili. Dafroza, kwa sababu ya matanga yake. Na Gaspari.

"Mwalimu," Gaspari alisema, wimbo ulipopungua, "naomba kuuliza kuhusu darasa. Yule Augusto, siku aliyorudisha kila kitu, alijua kwamba watamsihi?"

Watu wakageuka. Wengine walidhani mzee amechanganya mikutano.

"Alijua," alisema Mwalimu.

"Alijuaje?"

"Alikuwa amehakikisha hakuna mwingine anayeweza kazi hiyo."

Gaspari akafikiri kidogo. "Na wewe leo ulipokuja hapa, ulijua?"

Bonheur alishuka kwenye kiti taratibu. Leya, aliyekuwa karibu na mlango, alimtazama mumewe bila kumsaidia.

"Nilijua," alisema Mwalimu.

Alitoa simu mfukoni. Akafungua kundi mbele yao, ili kila mtu aandike. Akampa Gaspari, Spés na Mama Nshombo uwezo wa kusimamia, ili pande zote mbili ziwemo, na wa tatu akiwa mama ambaye wote walimwogopa. Kisha akajiondoa mwenyewe katika usimamizi. Simu zililia ukumbi mzima. Akaifuta ile sheria ya msiba, akasema mfiwa ndiye mwenye habari, naye aiseme kwa kinywa akitakacho. Uchaguzi ungekuwa baada ya wiki nne, na yeye hatagombea wala kutaja jina la mtu. Wengine walinung'unika kwamba ni dharau kukataa mapenzi ya watu. Mama Nshombo alimwambia Gaspari kwamba ameua mkutano mzuri. Gaspari akasema samahani, na hakuonyesha kusikitika.

Nisiseme kwamba uhuru uliwafaa mara moja. Wiki ya kwanza kundi lilijaa dawa za kienyeji, video za mahubiri, na mtu aliyetaka kuuza matairi. Wiki ya pili Mama Nshombo alitimiza ahadi yake, dakika saba. Akajibiwa kwa dakika tano. Safari hii Gaspari alimwendea nyumbani, akakaa naye hadi chai ikaisha, na jioni Mama Nshombo akaomba radhi kwa maandishi, kwa shingo upande. Spés alichaguliwa mwenyekiti kwa kumpita Gaspari kura tatu, na kuna waliosema kura zilihesabiwa haraka mno. Zikahesabiwa tena. Zilikuwa tatu.

Mapema Januari wajumbe wanne walikuja kwa Mwalimu. Walisema Spés ni mtoto, hajui kukemea. Wakamwomba arudi kwa wiki mbili tu, atulize mambo. Leya akawapa chai na maandazi. Mwalimu akawauliza habari za watoto wao mmoja mmoja kwa majina, na kila walipolirudia jambo lao alisema hapana. Mmoja alimwambia, si kwa utani, kwamba ana moyo mgumu. Alikubali. Nami nakubali: kuna wema unaofanana na ugumu, na jamii isiyo na watu wachache wa namna hiyo itauzwa na wapole wake.

Kisha ikaja theluji kubwa ya katikati ya Januari. Siku ya Alhamisi mtambo wa kupasha joto katika nyumba ya Kanyana, mama wa watoto wanne, ulizimika asubuhi, na mwenye nyumba hakupokea simu. Mwalimu alikuwa kazini Tonawanda, simu iko kabatini. Alipoitoa jioni alikuta jumbe sitini na mbili. Alisimama karibu na mlango wa kiwanda, na kofia yake kichwani, akazisoma zote. Kanyana aliandika mwenyewe. Watu wawili walitoa anwani isiyo sahihi, na gari moja likakwama katika mtaa mwingine. Bonheur na Mama Nshombo walibishana kama watoto wabebwe na mablanketi au waletewe hita. Yule muuza matairi akaingiza tena matairi yake kwenye mazungumzo. Spés alisema watoto wabebwe, basi. Saa saba mchana watoto watatu walikuwa kwa Dafroza na mdogo kwa Gaspari, na Dafroza alikuwa ameandika kwamba wamekula na wanalala.

Hapakuwa na ujumbe hata mmoja uliomtaja yeye. Hakuna aliyempigia.

Alifika nyumbani akatoa theluji viatuni. Leya alimuuliza kama amesikia habari ya Kanyana, akasema amesikia. Akamuuliza kama wanamhitaji aende na gari.

"Hapana," alisema Mwalimu. "Walishamaliza."

Alikaa mezani. Leya aliniambia kwamba uso wake ulikuwa wa mtu aliyeumizwa kidogo, na kwamba alikula sahani mbili.